Siku Thelathini ni Ngapi? Kuhesabu Siku za Kalenda na Siku za Kazi katika Miradi Yetu

(Hii ni hotuba iliyotolewa kwenye semina ya kamati za miradi za parokia, mbele ya wawakilishi wa wafadhili. Tunaichapisha kwa ajili ya kamati ambazo hazikuweza kuhudhuria.)

Wengine mmetoka mbali, na kuna waliolala njiani. Tutajitahidi tusiwapotezee muda, hasa kwa kuwa mada tuliyopewa ni muda wenyewe.

Mada hii inaweza kuonekana ndogo. Kila mtu hapa anajua kuhesabu siku. Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba baada ya Jumatatu ni Jumanne. Hata hivyo, sisi tunaopokea mikataba na taarifa za miradi tumeona kwamba ugomvi mwingi kati ya kamati na fundi, au kati ya kamati na mfadhili, hauanzi kwenye fedha. Unaanza kwenye sentensi moja fupi: "Kazi ikamilike ndani ya siku 30." Fundi anaisoma kwa namna yake, kamati kwa namna yake, na mfadhili aliye mbali kwa namna ya tatu. Wote wanasema kweli, na wote wanakasirika.

Mfano wa kisima

Tuchukue mfano. Tuseme kamati imesaini mkataba na fundi siku ya Ijumaa, tarehe 4 Aprili 2025. Kazi ni kujengea kisima na kuweka tangi. Mkataba unasema kazi itakamilika ndani ya siku 30, na kwamba fundi akichelewa atakatwa shilingi 50,000 kwa kila siku.

Kamati inachukua kalenda ya ukutani. Inaanza kuhesabu Jumamosi tarehe 5 Aprili, na siku ya 30 inaangukia Jumapili tarehe 4 Mei. Hesabu hiyo ni sahihi. Hizo ndizo siku za kalenda, yaani kila siku inayopambazuka inahesabiwa.

Fundi naye anatumia kalenda hiyo hiyo. Yeye na vijana wake hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo anaondoa Jumamosi na Jumapili. Kisha anaondoa sikukuu: Jumatatu tarehe 7 Aprili ni kumbukumbu ya Karume, tarehe 18 ni Ijumaa Kuu, tarehe 21 ni Jumatatu ya Pasaka, na Alhamisi tarehe 1 Mei ni Mei Mosi. Siku ya Muungano, tarehe 26 Aprili, mwaka huo iliangukia Jumamosi, kwa hiyo ilikuwa imekwisha kuondolewa. Kwa hesabu yake, siku ya 30 ya kazi ni Alhamisi tarehe 22 Mei.

Ndugu zetu, kati ya tarehe 4 Mei na tarehe 22 Mei kuna siku 18. Zidisha kwa shilingi 50,000, unapata shilingi 900,000. Kwa fundi wa kijijini hizo ni fedha za ada ya watoto na mbegu za msimu. Kwa kamati ni fedha ambazo zimekwisha kuandikwa kwenye bajeti. Hakuna mwizi hapo. Kuna neno moja ambalo halikuandikwa.

Angalieni pia jambo hili. Katika zile siku 30 za kalenda, siku za kazi zilikuwa 16 tu. Siku kumi zilikuwa Jumamosi na Jumapili, na nne zilikuwa sikukuu. Kama mafundi wangefanya kazi Jumamosi pia, wangepata siku 20, na siku yao ya 30 ya kazi ingekuwa Alhamisi tarehe 15 Mei. Kwa hiyo hata maneno "siku za kazi" peke yake hayatoshi. Lazima tuseme ni kazi ya siku tano kwa wiki au ya siku sita.

Hesabu hii si ngeni kwetu

Kuna wanaodhani kwamba kutenganisha siku za kalenda na siku za kazi ni mambo ya ofisini yaliyoletwa na wafadhili. Sivyo. Waumini wetu wamekuwa wakifanya hesabu hiyo kila mwaka. Kwaresima tunaiita ya siku 40. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, na Jumamosi Kuu ilikuwa tarehe 19 Aprili. Hesabuni zote, mtapata siku 46. Zile sita zilizozidi ni Jumapili, ambazo kwa desturi hazihesabiwi katika siku 40 za mfungo. Basi 46 ni siku za kalenda, na 40 ni siku za mfungo.

Vivyo hivyo na swali la kama siku ya kwanza inahesabiwa. Tunaposema "siku ya tatu" kutoka Ijumaa Kuu hadi Jumapili ya Pasaka, tumeihesabu Ijumaa yenyewe: Ijumaa moja, Jumamosi mbili, Jumapili tatu. Lakini bibi zetu wanaposema kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo, leo haihesabiwi. Mtondo ni siku ya tatu baada ya leo. Kwa hiyo ukimwambia mtu Ijumaa kwamba utamlipa "siku ya tatu", mmoja atakungoja Jumapili na mwingine Jumatatu.

Sheria zinasemaje

Sheria zetu zimeliona tatizo hili. Nchini Tanzania na Kenya pia, sheria zinazoeleza jinsi ya kusoma sheria nyingine zina kanuni ya kawaida: muda ukihesabiwa kuanzia tukio fulani, siku ya tukio lenyewe haihesabiwi, na siku ya mwisho ikiangukia siku isiyo ya kazi, jambo linaweza kufanywa siku ya kazi inayofuata. Ni kanuni nzuri ya kuiga. Lakini imewekwa kwa ajili ya kusoma sheria zilizoandikwa. Mkataba wa kisima hauna budi kujieleza wenyewe.

Likizo zinaonyesha tofauti hii waziwazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, na sikukuu zikiangukia humo ndani zinahesabiwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa likizo isiyopungua siku 21 za kazi. Ukisikia 28 na 21 haraka haraka utadhani Mtanzania amependelewa kwa wiki nzima. Hesabu vizuri. Mfanyakazi wa siku tano kwa wiki akianza likizo Jumatatu, na kama hakuna sikukuu katikati, siku 21 za kazi zitamfikisha Jumatatu ya wiki ya tano, yaani siku 29 za kalenda. Wa siku sita kwa wiki zitamfikisha Jumatano ya wiki ya nne, yaani siku 24. Namba ndogo inaweza kuwa likizo ndefu.

Kwa nini tunawaambia haya? Kwa sababu kamati zenu zimeajiri watu: muuguzi wa zahanati, mwalimu wa chekechea, mlinzi wa ghala. Muuguzi wa Tanzania akianza likizo ya uzazi ya siku 84 Jumatatu tarehe 2 Juni 2025, siku ya 84 ni Jumapili tarehe 24 Agosti, na anarudi kazini Jumatatu tarehe 25. Siku 84 ni wiki 12 kamili. Akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja, anastahili siku 100. Kamati ikihesabu vibaya, anayepoteza ni mama mwenye mtoto mchanga, ambaye mara nyingi hana nguvu ya kubishana na mwenyekiti. Tunaomba jambo hili mlichukulie kwa uzito wake. Hesabu ya kubahatisha kwa kawaida humwangukia aliye chini.

Mambo yasiyojua Jumapili

Kuna kazi ambazo hazifuati siku za ofisini hata tukiandika mkataba namna gani. Zege ni mojawapo. Zege likishamwagwa, linahitaji kuwekwa unyevu kwa siku zisizopungua saba, na mafundi hupima nguvu yake kamili baada ya siku 28. Hizo zote ni siku za kalenda. Zege halijui Pasaka.

Rudini kwenye mfano wetu. Tuseme zege la sakafu ya tangi lilimwagwa Alhamisi tarehe 17 Aprili 2025. Siku saba za kumwagilia maji ni kuanzia tarehe 18 hadi 24. Nne za kwanza ni Ijumaa Kuu, Jumamosi Kuu, Pasaka na Jumatatu ya Pasaka. Fundi yuko kwao, kamati iko kanisani, na zege linakauka kwa jua. Sakafu ikipasuka, maji ya wafadhili yatavuja ardhini. Kwa hiyo kabla ya kumwaga zege, kamati iulize: nani atamwagilia siku za sikukuu, na atalipwa nini? Mtu huyo aandikwe jina.

Mifugo nayo ni hivyo hivyo. Mayai ya kuku huanguliwa kwa muda wa siku 21 hivi, na kikundi cha kina mama kikipanga kupokea vifaranga kisiondoe Jumapili. Na katika zahanati zetu, chanjo za mtoto za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinahesabiwa kwa wiki kamili. Mtoto aliyezaliwa Jumapili, chanjo zake zote tatu zitaangukia Jumapili. Kama kliniki yenu haifunguliwi siku hiyo, mama aandikiwe kwenye kadi tarehe ya siku ambayo kweli atamkuta muuguzi, asije akatembea kilomita kumi na kukuta mlango umefungwa.

Fedha ziko katikati. Malipo ya simu huenda hata Jumapili usiku. Benki inayopokea ruzuku kutoka ng'ambo inahesabu siku za kazi, na tena si za hapa kwetu tu. Siku ya Kupaa Bwana ni sikukuu ya kitaifa Ujerumani na kwetu si sikukuu. Nane Nane ni sikukuu Tanzania na mfadhili wetu hana habari nayo. Fedha zinazopita nchi mbili zinaweza kusimama kwa sikukuu za nchi zote mbili.

Taarifa ya robo mwaka: kuhesabu kurudi nyuma

Sasa tuje kwenye jambo linalowahusu wote mlioko hapa. Mikataba mingi ya ruzuku inadai taarifa ndani ya siku 30 baada ya robo mwaka kwisha. Robo inayoisha tarehe 31 Desemba 2025, taarifa yake inatakiwa Ijumaa tarehe 30 Januari 2026. Mweka hazina anasema, "Tuna mwezi mzima." Hebu tuhesabu kurudi nyuma.

Siku za kazi katika muda huo, ukiondoa Mwaka Mpya na Mapinduzi tarehe 12 Januari, ni 20. Ofisi ya miradi inahitaji, tuseme, siku tano za kazi kukagua na kutuma. Basi taarifa iwe mezani kwake Ijumaa tarehe 23. Kamati yenu hukutana Jumapili baada ya ibada, na Jumapili ya mwisho kabla ya hapo ni tarehe 18. Kwa hiyo mweka hazina lazima awe amekamilisha hesabu Ijumaa tarehe 16. Siku za kazi alizo nazo kuanzia tarehe 2 hadi tarehe 16 Januari ni kumi tu. Mwezi mzima umekuwa siku kumi, na katika hizo kumi lazima atafute risiti kwa wenye maduka, apate taarifa ya benki, na amfuate fundi aliyesafiri kwao tangu Krismasi.

Taarifa ikichelewa, awamu inayofuata inachelewa. Awamu ikichelewa, muuguzi na mwalimu wanakaa bila mshahara. Huo ndio mwisho wa mnyororo ulioanza na mtu mmoja kusema "tuna mwezi mzima".

Kwa ndugu wafadhili, tunawaomba nanyi msikie upande huu. Mnapoandika siku 30, mjue mnampa mweka hazina wa parokia siku ngapi hasa. Na mnapoandika tarehe kwa namba tupu, mjue kwamba 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili, na kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. Andikeni jina la mwezi.

Kompyuta inasaidia, lakini iulizwe vizuri

Kamati zenye kompyuta huweza kutumia Excel. Ukichukua tarehe ya mwisho ukatoa tarehe ya kwanza, unapata siku za kalenda bila kuihesabu siku ya kwanza. Fomula inayoitwa NETWORKDAYS inatoa siku za kazi, lakini yenyewe inahesabu siku ya kwanza na ya mwisho pia, inachukulia kwamba Jumamosi na Jumapili hazifanyiwi kazi, na haijui sikukuu zetu mpaka uiandikie orodha. Katika mfano wa kisima, kuanzia tarehe 4 Aprili hadi tarehe 4 Mei 2025, fomula hiyo bila orodha ya sikukuu itakupa 21. Hesabu yetu ya siku za kazi ilikuwa 16. Kompyuta haikukosea, imejibu swali iliyoulizwa.

Asiye na kompyuta asijali. Kalenda ya ukutani na kalamu vinatosha. Piga mstari kwenye Jumapili, kisha Jumamosi kama hamfanyi kazi, kisha sikukuu, halafu hesabu zilizobaki. Kwa siku za kalenda peke yake, chukua siku zilizobaki katika mwezi wa kwanza, ongeza miezi kamili ya katikati, ongeza siku za mwezi wa mwisho. Anayesahau mwezi upi una siku 31 ahesabu kwenye vifundo vya ngumi, kama tulivyofundishwa shuleni.

Tunayopendekeza

Kabla ya kusaini mkataba wowote, kamati ijiulize maswali matano, na majibu yaandikwe ndani ya mkataba.

1. Siku za kalenda au siku za kazi? Kama ni za kazi, ni siku tano au sita kwa wiki?

2. Hesabu inaanza lini: siku ya kusaini, siku inayofuata, au siku fundi atakapopokea malipo ya awali? Mafundi wengi hawaanzi kabla ya malipo, na hapo siku nyingi hupotea bila mtu kuandika.

3. Sikukuu zipi zinaondolewa? Iddi huandamana na mwezi, kwa hiyo tarehe yake huthibitishwa karibu. Serikali pia inaweza kutangaza mapumziko ya ghafla. Tanzania ilipumzika tarehe 23 Agosti 2022 kwa ajili ya sensa, na Kenya tarehe 13 Novemba 2023 kwa ajili ya kupanda miti. Andikeni kwamba siku za namna hiyo zitaongezwa mwishoni.

4. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu, itakuwaje?

5. Siku ya mwisho inaisha saa ngapi, na kazi au taarifa inakabidhiwa wapi? Msiandike "Ijumaa usiku", kwa maana wazee wetu wengi wakisikia usiku wa Ijumaa wanaelewa usiku wa kuamkia Ijumaa. Andikeni "Ijumaa saa 10 alasiri, ofisini kwa katibu".

Mkishajibu yote, fanyeni jambo moja la mwisho ambalo linazidi yote kwa faida. Hesabuni pamoja, kamati na fundi mkiwa mezani, kisha andikeni tarehe yenyewe kwa maneno na namba: "Kazi itakamilika Alhamisi, tarehe 22 Mei 2025." Tarehe ikishaandikwa hivyo, hakuna tena mambo ya kalenda wala siku za kazi. Mkataba usomwe kwa sauti, fundi asiyejua kusoma aonyeshwe siku hiyo kwenye kalenda, na nakala abaki nayo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku nazo ni mali, na nyingi katika hizo ni za watu wengine: za fundi, za muuguzi, za mama anayesubiri maji. Tunaomba kila kamati irudi nyumbani, itoe mikataba yote iliyo kwenye jalada, na kuweka tarehe kamili pale palipoandikwa idadi ya siku tu. Pale ambapo pande mbili hazikubaliani, kaeni mkutane sasa, kabla siku ya mwisho haijafika.